Hela ya kikundi iende wapi? Kusomesha watoto, KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), ngumbaru, vitabu au uji (kwa sisi tuliotoka visiwani)

Kila ikifika Novemba grupu letu la WhatsApp halilaliki. Tupo kama watu 30, wote kwetu ni kisiwa kimoja kidogo upande wa Ukerewe, Ziwa Victoria, ila siku hizi tumetawanyika, wengi tupo Mwanza mjini, Kirumba, Igoma na Buhongwa, mmoja yupo Geita, wawili Dar, na kila mtu anatoa 10,000 kwa mwezi kwa ajili ya "elimu nyumbani". Piga hesabu, ni 3,600,000 kwa mwaka kama wote wakilipa, na wote hawajawahi kulipa. Sasa hiyo hela ndo inatutoa roho. Mmoja anataka tusomeshe watoto sekondari, mwingine tununue vitabu, mwalimu wetu mstaafu anasema mnasomesha nini wakati kule la tano hawajui kusoma, dada mmoja anauliza na mama zetu je, halafu kuna kaka yetu yeye kila mwaka ni uji tu, mpaka tumembatiza Mzee wa Uji.

Mimi daftari la hela nimekaa nalo miaka sita na karibu kila kitu hapo juu tumeshakijaribu, vingine vikatuaibisha. Naandika kwa yeyote mwenye kikundi kama chetu, awe wa Ukara, Kome, Maisome, Irugwa au kijiji chochote cha mwambao ambako ukikosa boti ya asubuhi umelala, na yupo njia panda hajui aanzie wapi.

Vigezo kwanza, kelele baadaye

Nitaziangalia njia zote tano kwa maswali yaleyale. Hela inaenda wapi na inagusa watu wangapi. Matunda yanaonekana lini. Nani atakuwepo kule. Inaharibikia wapi. Na inawafaa kina nani.

Hilo la nani atakuwepo kule ndo mimi nalipa uzito kuliko yote, na wenzangu wananijua kwa hilo. Fikiria ni Jumatano saa kumi jioni, wewe upo Mwanza mjini dukani kwako, ziwa lina mawimbi, kule kisiwani mwenye ufunguo wa darasa amesafiri msibani. Nani anafungua? Kama huna jina la mtu wa kujibu hapo, hela yako ni ya kuchezea tu hata ikiwa milioni kumi. Na usifikiri ni sisi maskini tu tunaoangukia hapo. Kulifanyika utafiti mkubwa Tanzania kwenye shule 350, zingine zikapewa hela ya ziada ya 10,000 kwa kila mwanafunzi, zingine walimu wakaahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu, zingine zikapata vyote viwili. Zile zilizopata hela peke yake watoto hawakuongeza kitu kwenye mitihani. Zilizopata hela pamoja na ile bonasi ndo zikapanda. Hela inahitaji mtu mwenye sababu ya kuamka asubuhi kwa ajili yake.

1. Kusomesha watoto sekondari

*Hela inaenda wapi.* Ada yenyewe siyo shida tena, tangu Januari 2016 serikali ilifuta mpaka kidato cha nne, na 2022 ikaongeza cha tano na cha sita. Kinachobaki ndo kinachoumiza: sare, viatu, madaftari, godoro, nauli ya boti na hasa pa kulala. Kwetu sekondari ipo ng'ambo, mtoto hawezi kuvuka kila siku, na tangu MV Nyerere izame pale Ukara Septemba 2018 wazazi wengine hata wiki kwa wiki hawataki mtoto avuke. Kwa hiyo asipopata hosteli anapanga geto, chumba kimoja watoto watatu, wanapika wenyewe, wakiishiwa unga Alhamisi wanalala hivyohivyo mpaka Jumamosi mama atume dagaa na mtumbwi. Kwa hesabu zangu mtoto mmoja hajawahi kushuka chini ya 450,000 kwa mwaka. Watoto wanane, hela imeisha.

*Matunda lini.* Miaka minne kwa haraka sana. Ila yakija yanakuja kweli, binti wetu wa kwanza sasa hivi ni nesi na ndiye anayelipa mchango wake mapema kuliko wote kwenye grupu, tena anatukumbusha sisi wakubwa zake. Nyumba ya kwao ina bati jipya na mdogo wake anasoma kwa hela yake. Hakuna njia nyingine kati ya hizi tano inayoinua familia nzima namna hiyo, hilo nalikubali bila ubishi.

*Nani atakuwepo.* Lazima awepo mlezi jirani na shule, mtu mzima anayepita getoni jioni bila taarifa.

*Inaharibikia wapi.* Sisi tulikuwa tunamtumia mzazi kwenye simu. Mabinti wawili walikuwa wameshaacha shule toka Machi, mmoja mjamzito, mwingine alikuwa anauza chakula mwaloni (pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga), sisi tunatuma hela mpaka Septemba. Mafataki wa mwaloni, wale wanaume wazima wanaowinda wanafunzi, wanayajua mageto yote, usidanganyike. Tukaja kujifunza kulipa hosteli moja kwa moja na kudai risiti. Kosa letu la pili lilikuwa kuchagua kwa maksi. Watoto wote watano wa mwaka wa kwanza walitoka nyumba zenye mitumbwi, maana ndo wenye taa ya kusomea na muda wa kusoma, mtoto wa baba anayevua kwa nyavu za tajiri akabaki palepale. Watu kule walituambia usoni na walikuwa na haki.

Kuhusu yule mjamzito, wengi bado hawajui kwamba tangu Novemba 2021 mtoto wa namna hiyo anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, na asiyetaka kurudi darasani na wadogo zake anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima au kufanya QT (mtihani wa maarifa) kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usimfute kwenye daftari.

*Inawafaa* vikundi ambavyo michango haiyumbi (mtoto huwezi kumwacha kidato cha tatu eti mwaka huu watu hawajalipa), vyenye mlezi kule, na sehemu ambazo watoto wanafaulu la saba ila wanakwama kuendelea.

2. KKK: madarasa ya kusoma kwa watoto wa msingi

Nisimulie kidogo hapa. Mwaka juzi tulivuka na mwalimu wetu mstaafu, akabeba karatasi moja tu, ina picha ya mzee na mtumbwi na chini yake sentensi nne za kiwango cha darasa la pili. Akamwita binti wa la tano, mtoto msafi, mchangamfu, akampa. Sentensi ya kwanza imeandikwa "Baba anapaka rangi mtumbwi wake." Binti akasoma kwa sauti nzuri kabisa, "Baba anaenda kuvua samaki." Mwalimu akafunika picha kwa kiganja. Hapo ikawa b, a, ba, b, a, ba, baba... halafu kimya. Akaangalia chini, kidole bado kipo juu ya karatasi hakisogei. Miaka mitano yupo shuleni na hakuna aliyejua, maana darasani wako zaidi ya mia na wanajibu kwa pamoja, wewe ukifungua mdomo na wenzako unaonekana unasoma.

Siyo kisiwa chetu tu. Watu wa Uwezo, ule utafiti wa kupima kusoma kwa watoto, walipopita nyumba kwa nyumba miaka ya 2010 na kuendelea wakiwapima watoto kwa silabi, neno, aya na hadithi, walikuta nchi nzima watoto wengi wa darasa la tatu hadithi ya la pili inawashinda.

Namna ya kufanya siyo kubahatisha, wenzetu wa Pratham kule India walianza na watoto wa mitaa duni ya Mumbai mwaka 1995 na njia yao imeenea Afrika: unampima kila mtoto dakika chache, unasahau yupo darasa la ngapi, unawapanga kwa wanachojua. Wa silabi kundi lao, wa maneno kundi lao, wa aya kundi lao, hata kama wa la tano atakaa na wa la pili. Saa moja na nusu kwa siku, kusoma kwa sauti, kutunga maneno kwa kadi za silabi, kuandika, kuhadithiana. Na Kiswahili kina bahati yake, ukishashika silabi umefungua kila kitu, hakuna maandishi ya mitego, ba ni ba popote.

*Hela inaenda wapi.* Vijana wawili waliomaliza kidato cha nne, wa palepale kisiwani, posho 60,000 kwa mwezi kila mmoja kwa miezi kumi, hiyo 1,200,000. Chaki, kadi, madaftari, kama laki mbili na nusu. Watoto 70. Linganisha na wale wanane.

*Matunda lini.* Miezi miwili au mitatu unaona mtoto wa silabi amehamia kwenye maneno. Ila umaskini nyumbani kwao haujasogea hata kidogo, hapo usidanganye wachangiaji. Umemtoa mtoto kwenye giza la kukaa darasani bure, basi, yanayofuata ni ya miaka mingi.

*Nani atakuwepo.* Hao vijana, na mtu wa kuwaangalia, sisi ni mjumbe mmoja wa kamati ya shule, mama, ambaye mwenyewe ana mjukuu kundi la silabi. Mwalimu mkuu na afisa elimu kata lazima wajue toka mwanzo, usiende kufungua darasa kama unafungua kibanda cha chipsi. Vijana wawe wanajua lugha ya nyumbani vilevile, Kikerewe, Kijita au Kikara kutegemea upo wapi, maana watoto wengine wanaweza kusoma sentensi nzima ya Kiswahili bila kujua inasemaje.

*Inaharibikia wapi.* Dagaa wakichanganya kijana anakimbilia mtumbwini, usiku mmoja wa dagaa ukimwendea vizuri unakaribia posho yako ya wiki mbili, utamlaumu? Sisi tulihamia kwa mabinti na mama vijana, wamekaa zaidi. Hatari nyingine ni darasa kugeuka tuisheni ya kulipia, tuliikuta hiyo mwezi wa nne, mtoto anadaiwa 200 kwa siku. Na darasa liishe kabla jua halijazama, watu wazima wawepo wawili, kwa ajili ya usalama wa watoto wa kike.

*Inawafaa* wenye hela kidogo isiyotabirika, na popote ambapo ukimpa mtoto wa la tano sentensi nne anasoma picha.

3. Kisomo cha wakubwa, wazee wetu waliita ngumbaru

Hii watu wengi wanaidharau, wanasema mzee wa miaka 50 akijua kusoma ndo itakuwaje. Ngoja nikwambie ya shangazi yangu.

Shangazi anaanika dagaa mchangani. Mchuuzi anakuja na boti kutoka mjini, anachota kwa ndoo, na kila ndoo ikipita shangazi anaweka kokoto moja ndani ya beseni. Mchuuzi anaandika kwenye kaunta buku lake, anafunga, hela sehemu anatoa sasa hivi sehemu "nitatuma kwenye simu", mama weka dole hapa. Kokoto 14. Kitabuni 11. Shangazi anajua kabisa ni 14, ila kitabu ni cha mwenzie, na ile meseji ya hela ikiingia anamwita mtoto wa jirani amsomee, na mtoto wa jirani ndiye huyohuyo mwenye namba yake ya siri. Miaka yote hiyo umaskini wake sehemu kubwa ulikuwa ndoo tatu tatu zinazopotea kwenye karatasi.

Na ziwa hili ndo lilikuwa shamba darasa la nchi nzima kwa mambo haya, vijana wengi hawajui. Mwaka 1968 UNESCO na serikali walianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa makao yake hapahapa Mwanza, watu wazima wakajifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi badala ya vitabu vya watoto. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, halafu kwa 1971 zikachaguliwa wilaya sita za kufuta ujinga kabla ya nchi nyingine, Ukerewe ikiwa mojawapo. Mwaka 1967 kama theluthi mbili ya watu wazima nchini walikuwa hawajui kusoma, 1975 ikashuka hadi asilimia 39, 1986 ikafika asilimia 9.6. Bibi zetu wanaosoma Biblia na msahafu bila miwani ya mtu ni matunda ya hapo. Halafu uchumi ukabana, walimu wa kujitolea wakachoka, vitabu vikaisha, mpaka sensa ya 2002 ilikuwa imerudi karibu watu wazima watatu kwa kila kumi.

*Hela inaenda wapi.* Ndogo kuliko zote ukiacha vitabu. Mwezeshaji 50,000 kwa mwezi, taa ya sola, ubao, madaftari, sisi mwaka mzima haikuvuka 800,000 kwa watu 24. Serikali ina utaratibu wake unaitwa MUKEJA kwa wakubwa, na MEMKWA kwa watoto waliopitwa na umri wa kuandikishwa, kwa hiyo ulizeni kwenye kata kabla hamjaanza, inawezekana kuna mwalimu ameshapangwa anakosa chaki tu.

*Matunda lini.* Namba ni haraka, wiki sita shangazi alikuwa anasoma kiasi kwenye meseji. Kusoma barua yote ilichukua zaidi ya mwaka na wengine hawakufika. Ila siku ile aliyomwambia mchuuzi "hebu nionyeshe hapo palipoandikwa kumi na nne", mwaloni pote walisikia.

*Nani atakuwepo.* Kikundi cha hisa. Kina mama tayari wanakutana kila wiki kuweka hisa, darasa likae hapohapo kabla ya kikao, usiwatafutie siku nyingine.

*Inaharibikia wapi.* Tulianza vibaya, tukabandika a e i o u na picha ya embe kama chekechea, wiki ya pili wakabaki watano. Tukaleta kaunta buku na meseji za simu, wakarudi. Kosa jingine ni kalenda, na hili lisikilizeni vizuri nyie wa mjini: kwetu ratiba anapanga mwezi. Giza likiwepo watu wanavua dagaa usiku kwa taa na kina mama asubuhi wote wapo mchangani wanaanika. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika kama siku kumi hivi. Siku hizo ndo za darasa kila siku, na kwenye giza unapunguza hadi mara moja kwa wiki. Sisi mwaka wa kwanza tuliandika "Jumatatu na Alhamisi" tukashangaa mahudhurio yanapanda na kushuka kama homa. (Na hela ya mchango usiombe wakati wa mbalamwezi, mifuko inakuwa mitupu.) Wanaume walikuja watatu tu, tena wakakaa mlangoni, aibu, hilo hatujalipatia dawa mpaka leo.

*Inawafaa* wanaotaka kuona hela inabaki mkononi mwa familia mwaka huuhuu, na sehemu yenye kikundi cha kina mama kinachoaminiana.

4. Vitabu na maktaba ndogo

Hapa nitapita haraka. *Hela* ni ya mara moja, hata laki tano inaleta boksi zuri, na kuna vya bure vingi, Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba yao mtandaoni yenye vitabu vya kiada, na African Storybook wana hadithi za Kiswahili za kupakua na kuprinti. *Matunda* ni haraka kwa anayejua kusoma na hayapo kwa asiyejua. Magharibi mwa Kenya, Busia na jirani zake, jirani zetu wa ziwa hilihili, watafiti waligawa vitabu vya kiada shuleni miaka ya 90 wakakuta waliopanda ni wale tu waliokuwa wazuri tayari, maana vitabu vilikuwa Kiingereza na wengi hawakuweza hata kuvisoma. *Nani atakuwepo* ndo kila kitu. *Inaharibika* hivi: tulipeleka maboksi mawili shule moja, tukapiga picha, tukarudi baada ya miezi nane maboksi yapo ofisini juu ya kabati yamefungwa kamba vilevile kama tulivyoyafunga. "Watavichafua," tukaambiwa. Mimi sikumlaumu sana yule mwalimu, akipotea kitabu kimoja anadaiwa yeye.

Safari ya pili tulitumia begi la mgongoni, vitabu 40, linakaa nyumbani kwa mama mmoja jirani na bomba la maji, watoto wakija kuteka wanaazima. Vilirudi 31 vimechakaa vibaya, vina mafuta ya dagaa kila ukurasa. Nilifurahi.

*Inawafaa* waliokwisha fanya KKK na wanataka watoto wasisahau, au mtu mmoja mwenye hela kidogo na ndugu mwaminifu kule.

5. Uji, na dawa ya minyoo na kichocho

Nimtendee haki Mzee wa Uji. Watoto wetu wa kiume alfajiri wapo mwaloni wanasaidia kuvuta nyavu na kuokoteza, wanalipwa dagaa, wanafika shule saa nne au hawafiki. Penye uji saa nne wanafika. Kenya huko huko magharibi chekechea zilizopewa uji mahudhurio yalipanda kwa kama asilimia 30, ila kusoma kuliongezeka pale tu palipokuwa na mwalimu aliyefundishwa vizuri. Yani uji unaleta mtoto mlangoni, haumfundishi.

*Hela inaenda wapi.* Hapa ndo tunapokwama. Watoto 300, gramu 50 za unga kila mmoja, ni kilo 15 kwa siku. Siku za shule kama 190, kilo 2,850. Unga ukiwa 1,500 kwa kilo ni 4,275,000 kabla ya sukari, kuni na mpishi. Kikundi chetu chote hakiwezi. Kinachowezekana ni kuwa sehemu: wazazi wakae kikao, walete mahindi na dagaa, sisi tununue masufuria na tulipe kusaga. *Matunda* ni wiki ileile. *Nani*, kamati ya shule na wazazi wenyewe. *Inaharibika* mchango wa wazazi unapokauka kipindi cha mvua au mbalamwezi ndefu, na palipo na stoo isiyo na daftari.

Dawa ni nafuu kuliko yote na sisi wa ziwani tunaihitaji zaidi maana kichocho cha tumbo kipo kila mwalo, mtoto anaoga na kuteka maji humohumo. Watafiti Kremer na Miguel walifuatilia shule 75 Busia kuanzia 1998, watoto wakipewa dawa ya minyoo na kichocho utoro ulipungua kwa kama robo, huyo Kremer ndiye aliyepata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Banerjee na Duflo. Dawa zinatolewa na serikali mashuleni, msinunue, kazi ya kikundi ni kuhakikisha boti ya dawa haikiruki kisiwa chenu na kwamba mtoto amekula kabla ya kumeza, maana wakimeza na njaa wanatapika na mwakani wazazi wanawaficha.

*Inawafaa* shule yenye utoro mkubwa, wazazi walioungana, na kikundi kinachokubali kuwa mchangiaji tu na siyo mwenye mradi.

Sasa wewe upo wapi?

Kama watoto wa kwenu wanafaulu la saba halafu wanaishia mwaloni, na mnao watu wa kulipa miaka minne bila kukatika, somesheni, hata wawili tu, lipeni hosteli moja kwa moja na muanze na wasio na mtumbwi.

Kama hela yenu inapanda na kushuka kama yetu, KKK inavumilia zaidi. Ukisimama miezi miwili mtoto aliyeshika silabi hazimtoki, wa kidato cha pili ukisimama miezi miwili amerudi nyumbani.

Kama mnatafuta kupunguza umaskini kwa maana ya hela ya mboga mwaka huu, na kuna kina mama wanaouza kwa vitabu vya watu wengine, kisomo. Anzeni na namba.

Kama darasani viti vitupu mpaka saa nne, msipeleke kitabu wala kijana wa KKK kwanza, kaeni na kamati ya shule mjadili uji, hata wa siku tatu kwa wiki.

Wewe peke yako, huna kikundi, una elfu hamsini na shangazi kule: begi la vitabu.

Mwaka huu sisi tumegawa, KKK ndo kubwa, kisomo kinaendelea, watoto watatu wa sekondari tuliokwisha waanza tunawamaliza, hatuongezi wapya, na Mzee wa Uji kapewa masufuria mawili, kanuna siku tatu kisha kachanga zaidi ya wote.

Na kama hamjui kabisa tatizo la kwenu ni lipi, msinunue kitu. Tumeni mtu mmoja avuke mbalamwezi ikianza, alale kule siku nne kwa ndugu, asijitangaze kwamba ni mgeni wa mradi. Asubuhi ahesabu watoto mwaloni na shuleni, mchana awasomeshe watoto 50 ile karatasi ya sentensi nne akiwa amefunika picha, jioni akae mchangani na kina mama aone nani ameshika kalamu wakati wa kuuza. Boti, chakula na daftari, sisi ilitugharimu 65,000.